Pedali Isiyolia Peke Yake

Juzi nilipeleka simu yangu kwa kijana anayetengeneza simu karibu na soko. Akagusisha chuma chake cha moto kwenye risasi ya kulehemu, moshi mwembamba ukapanda, na harufu ile ya utomvu ulioungua ikaniingia puani. Akaniuliza kama moshi unanisumbua. Nikamwambia hapana, endelea na kazi yako. Sikumwambia kwamba nimekulia ndani ya moshi huo, maana vijana wa leo ukianza hadithi wanatazama saa. Nyinyi wa rika langu mtanivumilia kidogo.

Baba alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia katika kiwanda cha shaba, na jioni alitengeneza redio za majirani kwenye barza ya nyumba yetu, katika kambi ya wafanyakazi. Upepo ukigeuka, moshi wa bomba kubwa la kiwanda ulitushukia, ulimi ukawa mchungu, na Mama akakimbilia kuanua nguo. Sisi watoto tuliona hiyo ndiyo hali ya hewa. Mvua, jua, na moshi.

Tulizaliwa wawili, mvulana Kyungu na mimi msichana, Kabwe. Kyungu alitangulia. Kwetu mapasa, yaani mapacha, si watoto wawili tu, ni kazi ya ukoo mzima. Mama alipoteza jina lake siku tuliyozaliwa akawa Mama Mapasa, na Baba akawa Baba Mapasa hata kazini. Mgeni akimpa mmoja wetu ndizi, lazima ampe na mwingine. Kyungu akichapwa kwa kosa lake, mimi nami napigwa kofi dogo mkononi, la kusawazisha. Mmoja akiugua, wote wawili wanakunywa dawa. Nimekunywa kwinini nyingi sana kwa malaria ambayo haikuwa yangu.

Mlinzi wa sheria hizo zote alikuwa Nkambo, mama yake Baba, aliyekaa kwenye mkeka wake pale barzani tangu asubuhi, akimenya karanga. Nkambo hakupaza sauti. Alitazama tu mkono wa mgeni mpaka ndizi ya pili itokee.

Kisha kulikuwa na Tantine, dada mkubwa wa Baba. Padri alimpa jina, serikali ikaliondoa pamoja na majina mengine yote ya kizungu, na sisi tukabaki kumwita Tantine, yaani shangazi. Aliishi Kasomeno, akiuza samaki wakavu waliotoka upande wa Kasenga. Mume alikuwa naye, nyumba alikuwa nayo, duka alikuwa nalo. Mtoto hakupata. Sasa alikuwa ameomba apewe mmoja wetu, na aliyemtaka ni Kyungu.

Ombi lenyewe halikuwa la ajabu. Ndugu asiye na mtoto anapewa mmoja, anamlea, na mtoto anakuwa na mama wawili. Lakini sisi tulikuwa mapasa, na Nkambo alisema mapasa wakitenganishwa, yule anayebaki anakauka. Tantine alimjibu kwa upole.

"Mama, ile mambo ni ya zamani. Kuko mapasa moja ya Kipushi, mumoja iko Likasi, na bote banakula, bananenepa."

"Hao ni wa Kipushi," alisema Nkambo.

Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema wangeona masomo yakikaribia kuanza. Tantine akarudi Kasomeno na matumaini yake, nami nikabaki na neno moja: kukauka. Nilikuwa nimeona samaki wake. Nilijua vizuri kitu kikikauka kinafananaje, macho yanavyozama na ngozi inavyoshika mfupa. Niliogopa, nasema wazi. Usiku nilimshika Kyungu pindo la shati, naye alinyamaza tu, nikajua anaogopa kama mimi.

Katika siku hizo ndipo Baba Mudogo, mdogo wake Baba, alipoleta kisanduku, pedali ya gitaa. Baba Mudogo alipiga gitaa katika orkesta moja ya mtaa wa Kamalondo, mjini. Alitembea akipiga vidole hewani, na Mama alisema huyo hata akiombwa kuchota maji anachota kwa mdundo. Kisanduku kilikuwa cha chuma, rangi ya kijani, kikubwa kama tofali, chenye kitufe cha kukanyaga na vishikizo viwili vya kuzungusha. Mwenye kisanduku alikuwa mpiga gitaa wa Zambia, aliyevuka mpaka pale Mokambo kuja kutembelea ndugu zake na kumwazima Baba Mudogo kwa siku chache.

"Yaya," Baba Mudogo alimwambia Baba, maana ndivyo kwetu anavyoitwa kaka au dada mkubwa, "sikiliza kwanza. Kisha unitengenezee ingine kama hii."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua. Amesema fungua vile unapenda, tu arudishiwe yake ikiwa inalia."

Akachomeka gitaa, akachomeka spika ya redio ya Baba, akakanyaga. Sauti ya gitaa ikawa nzito na ya kukwaruza. Hiyo tulikwisha kuisikia kwenye redio, hatukushtuka. Kisha akaondoa mikono yote kwenye nyuzi, akainama, akazungusha kishikizo kimoja taratibu. Kisanduku kikaanza kulia chenyewe. Kilianza chini, kikapanda, kikawa chembamba, kikashuka tena, kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Hakuna aliyekigusa. Mimi na Kyungu tulirudi nyuma mpaka ukutani.

Mkuu wa orkesta, alieleza Baba Mudogo, alikuwa amemwahidi kumweka mbele, awe mpiga solo, akiipata sauti ile. Asipoipata, angeendelea kupiga nyuma, akifuata wenzake.

Baba alikuwa mtu wa kueleza, hata kwa watoto, na alieleza akiwa ameangalia kitu, si mtu. Gitaa, alisema, linatoa umeme kidogo sana. Ndani ya kisanduku mna transista. Ya kwanza inaukuza, inaipa ya pili, ya pili inaukuza tena, mpaka unakuwa mkubwa kuliko nafasi iliyopo. Kisichoenea kinakatwa. Vichwa vya mawimbi vinafyekwa vikabaki bapa, na hapo sauti laini inageuka kuwa ya kukwaruza.

"Na kulia?" niliuliza.

"Kulia, ni sauti inatoka huku nyuma, inapata njia, inarudia mulango wa mbele. Inaingia tena, inakuwa mukubwa, inatoka, inarudia. Inajisikia yenyewe. Sasa njia yenyewe inapitia wapi, ndiyo tutatafuta."

Alipofungua misumari ya chini, ndani hamkuwa na kitu cha kuona. Aliyekitengeneza alikuwa amekijaza gundi nyeusi, ngumu, ili asiigwe. Sikujua hayo. Niliona kitu kinacholia kimezikwa kwenye lami, nikaelewa nilivyoweza: kilikuwa hai, na mtu alikuwa amekizuia kisitoke. Nilimwambia Kyungu, naye akakubali.

Baba alikiweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, si juu yake, kando, gundi ikaanza kulegea. Harufu yake ilikuwa kali, yenye utamu kidogo ndani. Kisha akaichokoa kidogo kidogo kwa sindano ya Mama ya kufumia, na Mama akalalamika kuhusu sindano yake kila alipopita. Vikatokea vidude vyenye mistari ya rangi, ambavyo Baba alivisoma kama mtu asomavyo jina: kahawia, nyeusi, nyekundu. Vikatokea vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme. Mwisho zikatokea transista tatu, vichwa vyake vimepigwa tupa ili namba zisionekane.

"Amefuta majina," alisema Baba, akatabasamu. "Kazi, hakuweza kufuta."

Alizipima kwa mita yake mguu kwa mguu, akajua kila moja inakuza kiasi gani. Akachora kwenye kipande cha katoni njia zote: huyu ameshikana na huyu, huyu anashuka chini, huyu anapeleka mbele. Kisha akaingia katika maiti za redio alizozitunza chini ya kitanda, akapima transista moja baada ya nyingine, akachagua tatu zilizofanana na zile. Akakata bati, akalikunja, akalipaka rangi ya kijani. Alipomaliza, vilikuwa viwili kwenye meza, sawasawa. Nkambo aliacha karanga zake akavitazama.

"Mapasa," alisema.

Kwetu neno hilo halikuwa mzaha. Mchana ule mimi na Kyungu tuliweka tonge la bukari, ugali wetu, mbele ya kila kisanduku, sawa kwa sawa, maana mapasa hawali mmoja mmoja. Chungu walikuja, Mama akatugombeza wote wawili, kwa usawa.

Tatizo ni kwamba kile cha pili hakikulia. Kilikwaruza vizuri, Baba Mudogo alisema kilikwaruza kuliko cha kwanza. Lakini ukiondoa mikono kwenye nyuzi, kilinyamaza. Zungusha huku, zungusha kule, kimya. Baba alipima upya kila kitu, akalinganisha na katoni. Hakukuwa na kosa. Mtu anayeiga bila kosa akapata kitu kingine, huyo anateseka. Baba alikula bila kujua anakula nini.

Siku iliyofuata akajaribu kwa namna nyingine. Ili avilinganishe bila upendeleo, aliviunganisha vyote viwili kwenye betri moja, ile ya kisanduku cha Mzambia. Sisi tuliiita pile, ile ya mraba yenye vichwa viwili juu. Akakanyaga cha kwanza, kikalia. Akakanyaga cha pili. Nacho kikalia, sauti ileile, kikapanda na kushuka.

Baba Mudogo alicheka mpaka akakaa chini. Nkambo hakucheka.

"Si nilisema? Mapasa. Moja ikikosa mwenzake, haina sauti."

Akanitazama, akamtazama Kyungu, nami nikapata faraja ambayo sijaipata tena kwa urahisi vile. Jambo lilikuwa limeonekana kwa macho, kwenye meza ya Baba mwenyewe, mtu wa kupima. Mapasa wakiwa pamoja wanalia, mmoja akiwa peke yake anakwaruza tu. Tantine angeambiwa, na Kyungu hangeenda popote.

Asubuhi ya pili yake, Kyungu alipokuwa ametumwa dukani, nilimkuta Baba mezani peke yake. Kisanduku cha Mzambia kilikuwa pembeni, hakijaunganishwa na chochote. Mbele yake palikuwa na kile chetu na ile pile kuukuu. Akaunganisha, akakanyaga. Kikalia, peke yake. Baba akaichomoa pile, akaigusisha ulimini, akafikiri. Akanipa na mimi. Iliwasha kidogo tu kwenye ncha ya ulimi. Akanipa ile mpya aliyokuwa amekiwekea kisanduku chetu tangu mwanzo. Hiyo iliniuma mpaka machozi yakatoka.

"Umesikia? Hii ya zamani imechoka. Ikikuwa na nguvu, kila transista inapata yake, hakuna shida. Ikichoka, zinanyang'anyana. Moja ikivuta, ingine inasikia. Ile njia tulitafuta, inapitia mu pile. Kintu inalia juu ya njaa."

"Haikuwa sababu ya mapasa?"

"Hapana," alisema. Kisha akanitazama, safari hii mimi, si kisanduku. Nadhani aliona uso wangu ukibadilika. Akarudisha pile mpya katika kisanduku chetu na ile iliyochoka katika cha Mzambia, akafunga misumari yote.

Tantine alifika mchana uleule kwa lori la samaki, na zawadi mbili zilizofanana, kaptura moja na gauni moja la kitambaa kimoja. Baada ya chakula watu wazima wakakaa barzani kuzungumza, nasi tukaambiwa tukacheze. Tulicheza nyuma ya dirisha. Nkambo alieleza habari ya visanduku kuanzia mwanzo. Tantine alisikiliza, kisha akamgeukia mdogo wake. Alikuwa mfanyabiashara, hakununua kitu kwa maneno.

"Baba Mapasa, weye ndiye unajua mambo ya umeme. Hii kintu inalia peke yake, ao hapana?"

Baba akasimama, akaleta visanduku. Akaweka chetu mbele ya Tantine, na ile pile mpya ndani yake, akakanyaga, akazungusha kishikizo. Kimya. Akakiunganisha na mwenzake, kwenye pile iliyochoka. Vikalia vyote viwili. Kila alichoonyesha kilikuwa cha kweli.

"Yaya, umejionea," alisema. "Peke yake, haiwezi."

Tantine alitazama mikono yake. "Bon," alisema. "Basi nisiue mutoto wa bantu." Akaomba maji ya kunywa. Kesho yake akapanda lori na magunia yake matupu, na Kyungu akasimama barabarani kulitazama lile lori mpaka vumbi likatulia. Nilidhani anahakikisha limekwenda.

Mzambia alikuja kuchukua chake, akakijaribu, kikalia, akashukuru. Chetu kikabaki na Baba Mudogo. Baba alimwambia hakitalia tena kwa kuwa mwenzake amekwenda, na Baba Mudogo, ambaye alimwamini kaka yake katika kila jambo lenye waya, alikipeleka hivyo hivyo Kamalondo. Mkuu wa orkesta akasikiliza, akasema kukwaruza hata wengine wanakwaruza. Baba Mudogo akaendelea kupiga nyuma. Jioni alipokuja kwetu hakupiga tena vidole hewani. Baba alikuwa akimpa kiti, akimwuliza habari za afya, na kumwongezea mboga. Neno moja tu lingetosha, badilisha pile, weka iliyochoka. Hakulisema. Angelisema, kisanduku kingelia mbele ya Kamalondo nzima, na habari ingefika Kasomeno pamoja na lori la samaki. Mimi nilijua, nikala mboga yangu. Mwenzangu alikuwepo kando yangu kwenye mkeka, na hilo ndilo nililolitaka.

Fundi mzuri kama Baba alisahau jambo moja, au labda hakulisahau, alijipa muda tu. Pile mpya nayo huchoka.

Masomo yalikuwa yamekwisha kuanza. Ilikuwa Jumapili mchana, Tantine amekuja na samaki, tumekaa wote tunakula, wanaume kwenye meza, wanawake na watoto mkekani. Baba Mudogo aliingia bila kubisha hodi, kisanduku kikiwa kwapani.

"Yaya! Imelia!" alisema. "Jana, katikati ya wimbo ya polepole, nimetoa mikono, nasikia inaanza. Peke yake! Bantu basimama. Mukuu anasema kuanzia leo niko mbele." Alikiweka juu ya meza, kati ya sahani, akampiga Baba begani. "Na mwenzake iko kule Zambia. Peke yake kabisa, Yaya."

Baba Mudogo alitutazama mmoja mmoja, bado anacheka, akitafuta nani hajaelewa. Nkambo alimtazama Baba kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana sheria ya kusema. Baba alikuwa na tonge mkononi, haliendi mdomoni wala halirudi sahanini.

Tantine aliosha mikono katika beseni, polepole, akaifuta kwenye kitenge chake. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Baba Mapasa," alisema, "si ungenambia tu hapana."

"Yaya, nilishindwa."

"Najua ulishindwa. Miye nilirudi kule nikafunga kile chumba nilitengenezea Kyungu. Kila siku najiambia, nilitaka kuua mutoto."

Baba aliweka tonge chini. Nilimtafuta Kyungu kwa jicho, nikitaka tuogope pamoja kama kawaida yetu, maana sasa kila kitu kingeweza kuanza upya. Alikuwa ameinamia sahani yake, anachambua miiba ya samaki, anaipanga ukingoni.

"Miye nilikuwaka nataka kwenda," alisema.

Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mama akamwuliza amesema nini, ingawa wote tulisikia. Kyungu akarudia, kisha akaendelea kula. Katika maneno yote yaliyosemwa barzani miezi ile, ya Nkambo, ya Tantine, ya Baba na mita yake, hakuna aliyekuwa amemwuliza. Hata mimi, niliyelala nimemshika shati.